Miaka Kumi na Minane ya Nani?

"Miwili."

Ndivyo alivyojibu Idarusi, na kama mlikuwa nasi wiki iliyopita mnajua alijibu mbele ya nani. Nyamai, mtu wa bima, alikuwa ameketi kwenye kochi, kalamu mkononi. Aliuliza swali analouliza kila nyumba hapa Buruburu: mtoto wenu wa mwisho ana umri gani? Na Idarusi, badala ya kumfikiria Zena, binti yake wa miaka kumi na sita aliyeko shule ya bweni, akataja umri wa yule wa Kariobangi. Wakati huohuo mkewe Muhiba alikuwa akiingia sebuleni na sinia la chai ya alasiri.

"Nani ana miaka miwili?" Muhiba akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza huku akipanga vikombe.

Jasho likamchuruzika Idarusi chini ya kofia. Huyu, jamani, ni mtu ambaye Gikomba nzima inamjua kwa ulimi. Anafungua robota la mitumba asubuhi, na adhuhuri keshamwuzia mtu koti lililotobolewa na nondo, na mtu anaondoka akimshukuru. Leo ulimi uleule umemchongea nyumbani kwake mwenyewe.

"Mjukuu," akasema. "Haji wa Kibibi. Si ndiye mdogo kuliko wote kwetu?"

Ah, Idarusi. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Muhiba akaliweka birika chini, akaketi. Uso wake ukalainika kwa namna ambayo Idarusi hakuwa ameiona muda mrefu.

"Kumbe unamfikiria."

"Namfikiria kila siku."

"Na mimi miaka miwili yote nimekuwekea kinyongo, Baba Kibibi. Tangu ile akika."

Niwaeleze habari ya akika hiyo. Kibibi, binti yao mkubwa, alijifungua mtoto wa kiume huko Mombasa alikoolewa. Muhiba akasafiri. Idarusi akasema hawezi, marobota yanafika, duka halina mtu. Basi mbuzi akachinjwa, nywele za mtoto zikanyolewa, na babu hayupo. Wakwe wakamwuliza Muhiba kama mumewe ni mgonjwa, naye akageuza maneno.

Siku hiyo pia palitokea jambo la jina. Kibibi alitaka mwanawe aitwe Abdurahim, jina la kaka yake aliyefariki kwa surua akiwa na miaka sita. Muhiba akakataa. "Jina hilo nimelizika na mwenyewe," alisema. "Nikiwa hai asiitwe mtoto mwingine." Kwa hiyo mtoto akaitwa Haji, na hakuna aliyelirudia tena neno hilo.

"Nilidhani moyo wako ni wa jiwe," Muhiba akaendelea. "Kumbe umembeba mtoto wa watu moyoni na hukusema. Nisamehe."

Alimwomba msamaha hivihivi, mbele ya mtu baki. Idarusi alitamani Muhiba angempiga kofi. Kofi lingemwuma shavu tu. Wiki ile ya akika hakuwa dukani kabisa. Alikuwa Kariobangi, katika chumba cha Batulo binti Barre, mke wake wa pili asiyejulikana, akimwadhinia mwanawe mchanga sikioni.

"Yaliyopita yamepita," akasema, na macho akayaficha kwenye kikombe.

"Haya, Bwana Nyamai," Muhiba akasema kwa furaha. "Tueleze hii miaka inahesabiwaje. Mimi ndiye niliyekuita. Masheikh wengine wanasema bima ni kamari, lakini mimi nimeyaona ya Lydiah kwa macho yangu."

Nyamai akainamisha kichwa. Lydiah alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mjane wa Patrobas aliyekuwa karani serikalini.

"Patrobas alikuwa mteja wangu, mama."

"Alikuwa na bima?"

"Alikuwa nayo. Bima yetu hii ni ya muda. Unalipia miaka unayochagua. Ukifa ndani ya miaka hiyo, watu wako wanapata pesa. Ikiisha uko hai, hupati kitu, unamshukuru Mungu na mkataba umekwisha. Patrobas alichukua miaka kumi, kwa sababu malipo yake ni madogo. Nikamwambia, mzee, bado mnazaa, chukua ishirini. Akasema mimi natafuta kamisheni. Mkataba ukaisha Januari. Machi akaanguka ofisini."

"Januari na Machi," Muhiba akasema polepole.

"Akazikwa bila kitu. Mimi nilishindwa hata kwenda matangani, mama. Niliona haya."

Wote watatu waliikumbuka siku ile nyumba ilipofungwa na vyombo vya Lydiah kutolewa nje. Mtoto wake wa mwisho alipanda kwenye kochi lililokuwa majanini, akakaa kitako, miguu haifiki chini, akingoja wakubwa wamalize mchezo wao warudishe vitu ndani. Muhiba ndiye aliyemshusha.

"Tangu siku hiyo nimeapa," Nyamai akasema. "Simwandikii mtu miaka pungufu. Na simwandikii miaka asiyoihitaji, nikala pesa zake. Miaka haichaguliwi na mfuko. Inachaguliwa na mdomo mdogo kuliko yote unaokula mkononi mwako. Unauliza, huyu atajilisha lini? Unaandika mpaka hapo."

"Basi imekwisha," Idarusi akarukia. "Mtoto ana miaka miwili. Akifika ishirini ni mtu mzima. Andika kumi na minane."

Moyo wake ulikuwa umeanza kutua. Aliona mlango umefunguka upande asioutarajia. Miaka ingeandikwa kwa jina la Haji, Muhiba angefurahi, kisha siku moja angepanda mjini peke yake, akaenda ofisi za bima, akabadilisha jina kimyakimya. Mtoto wa Kariobangi angekuwa na ngao mpaka aote ndevu, na hakuna ambaye angejua. Umri wa Idarusi ni miaka arobaini na sita, na kampuni haimchukui mtu kupita sitini na tano. Hesabu ilikubali. Ilikubali vizuri mno.

Lakini Nyamai hakuandika.

"Huyu mjukuu, baba yake yuko?"

"Yuko," Muhiba akajibu kwa fahari. "Mkwe wangu ni mtu wa winchi bandarini. Kibibi hakosi kitu. Kwetu amebaki Zena tu, wa miaka kumi na sita, yuko shule ya bweni."

"Basi mzee, huyo mtoto ana baba wa kumlisha. Si mzigo wako. Hiyo pesa si utakuwa umetupa tu? Kwako amebaki huyu wa shule. Mpe miaka mitano amalize masomo, na kama ni kuolewa aolewe. Chukua mitano. Malipo yatashuka zaidi ya nusu."

"Sitaki yashuke," akasema Idarusi.

Sasa tulieni nami hapo kidogo. Huyu ndiye Idarusi aliyegombana na msukuma mkokoteni kwa thumni, kutoka Gikomba mpaka kituo cha basi, jua la utosi. Ndiye aliyerudisha samaki kwa muuzaji kwa sababu kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mwili. Siku ya posa yake alipunguza mahari mpaka mzee wa kikao akaanza kukohoa. Mtu huyo leo ameletewa punguzo mpaka miguuni, nalo amelikataa.

Kijiko cha Muhiba kikasimama ndani ya kikombe.

"Umesema nini, Baba Kibibi?"

"Nimesema bei si kitu. Mtoto ni mtoto."

"Bei si kitu," Muhiba akarudia. "Wewe."

"Kifo hakipigi hodi, mke wangu. Huyo mkwe akianguka kwenye winchi?"

"Mkwe ana bima ya bandari. Ulikuwepo alipotueleza. Ulimcheka."

Idarusi akacheka tena, lakini hakikutoka kicheko, kilitoka kikohozi. Nyamai alimtazama mume, akamtazama mke, akaanza kuchunguza vitambaa vya kochi kwa makini sana.

Hapo ndipo mtu mwenye moyo angesema kweli. Mlango ulikuwa wazi, angeingia. Lakini mwoga ana mlango wake, nao huwa nyuma ya nyumba.

"Basi andika hiyo mitano," Idarusi akasema. "Mtaalamu ni wewe."

Nyamai akaandika. Akaugeuza mkataba, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Idarusi akaishika kalamu. Miaka mitano. Mwanawe atakuwa na saba, hajang'oa hata meno yote ya utoto. Mtoto wa Lydiah akamjia tena machoni, yuko juu ya kochi majanini, ila safari hii uso ulikuwa mwingine, uso anaoujua, na mikono miwili midogo ilikuwa imeinuliwa ili abebwe. Patrobas alikosea kwa kutojua. Yeye alikuwa anajua. Aibu ikampanda mpaka masikioni, hata hivyo akaishusha kalamu kwenye karatasi.

Kiganja cha Muhiba kikaufunika mkataba.

"Bwana Nyamai," akasema bila kumtazama, "pikipiki yako umeiacha wapi?"

"Pale nje, mama. Acha niiangalie." Nyamai hakuwa mjinga. Alikwisha kukaa katika sebule nyingi.

Mlango ukafungwa. Muhiba akauliza:

"Idarusi, mtoto ni wa nani?"

Alimwita jina lake. Tangu Kibibi azaliwe hakuwahi kumwita jina lake.

"Wangu."

"Yuko wapi?"

"Kariobangi."

"Ni wa ndoa?"

"Wa ndoa. Sheikh alikuwepo, na mashahidi."

"Na mimi sikuwepo." Muhiba akavuta leso yake mabegani. "Nilipovua vikuku vyangu na kidani cha marehemu mama, nikakupa ukanunue robota lako la kwanza, nilikuwekea sharti gani?"

"Ulisema nisikufiche."

"Nilikukataza kuoa?"

"Hukunikataza."

"Dini haikukukataza, mimi ni nani? Nilisema ukitaka mke mwingine nijue kabla ya watu wa nje. Nisije nikawa mjinga wa mtaa. Kuna ugumu gani hapo?"

"Niliona haya, Muhiba."

"Uliona haya kuniambia. Kufanya hukuona haya."

Idarusi aliutafuta ule ulimi wa Gikomba, asiuone.

"Kwa hiyo akika ya Haji..." Muhiba akaanza, kisha akahesabu kichwani. "Ndiyo wiki aliyozaliwa."

"Ndiyo."

"Na mimi hivi punde nimekuomba msamaha. Ukanipa."

Mtu anaweza kutukanwa sokoni akanywa chai akasahau. Lakini neno hilo, tena limesemwa kwa upole, lilimwingia Idarusi mahali ambapo hakuna pa kujikinga. Aliinama mpaka kofia ikamwanguka mapajani. Hakuiokota. Alijiona mdogo, mchafu, mtu wa hovyo, na kwa mara ya kwanza hakutafuta namna ya kujitetea.

"Ningeinua mkono wangu kwenye karatasi, ungetia sahihi?" Muhiba akauliza.

"Ningetia."

"Miaka mitano. Ukamwache mwanao kwenye kochi la majanini, kwa kuniogopa mimi."

"Muhiba..."

"Usiniite. Sikia. Wewe na mimi tuna maneno yetu, na tutayasema, na ndugu zangu watakuwepo. Na huyo mwanamke ana lake. Lakini mtoto hakumtuma mtu amzae. Mimi nimezika mtoto. Siwezi kukaa hapa nikamfanyia hila mtoto aliye hai."

Akainuka, akafungua mlango.

"Bwana Nyamai, chai yako inapoa."

Nyamai akarudi akitembea kama mtu aliyeingia msibani. Akaketi ukingoni mwa kochi.

"Hiyo mitano ifute," Muhiba akasema. "Andika kumi na minane."

"Mama, nilieleza kwamba mjukuu..."

"Si mjukuu. Mume wangu ana mtoto wa miaka miwili."

Idarusi alisikia neno lile likisemwa kwa sauti katika sebule yake, mchana, na kuta hazikuanguka. Nyamai hakuinua macho. Alikata mitano kwa mstari mmoja, akaandika kumi na minane, akataja malipo ya kila mwezi. Malipo yalikuwa makubwa. Muhiba akasema, "Atalipa," na Idarusi hakuomba apunguziwe hata senti.

Kisha, msomaji, ikaja ile hatua ambayo Idarusi alikuwa ameisahau kabisa. Aliogopa umri, akaogopa miaka, akaogopa malipo. Jina hakuliogopa, mpaka Nyamai alipouliza.

"Pesa zitamwendea nani? Nipe jina la mtoto."

Idarusi akaichukua kofia mapajani, akaigeuzageuza.

"Mwambie," Muhiba akasema.

"Tumwandike mama yake tu."

"Mama yake naweza kumwandika kama mlezi," Nyamai akasema. "Lakini jina la mtoto lazima liwepo."

"Mwambie, Idarusi. Umeshindwa mangapi leo? Jina la mwanao nalo limekushinda?"

Alitazama ukutani. Pale juu ya redio palikuwa na picha ya mtoto wa miaka sita, amevaa kanzu ya Idi, meno ya mbele yana mwanya, anacheka na mtu aliyesimama nyuma ya mpiga picha. Mtu huyo alikuwa Idarusi.

Alikuwa na sababu yake. Usiku ule Kariobangi, mtoto alipowekwa mikononi mwake, kilio cha miaka mingi kilimtoka, na jina likatoka pamoja nacho. Hakulifikiria. Asubuhi yake watu walikwisha kumwita mtoto kwa jina hilo, na kulirudisha hakuweza. Lakini sababu haifuti kitu. Muhiba alikuwa amesema nikiwa hai asiitwe mwingine, naye alikuwa ameketi mbele yake akingoja.

"Abdurahim," akasema.

Kalamu ya Nyamai ikaanza kuandika, kwa sababu kwake lilikuwa jina tu. Aliandika herufi zote mpaka mwisho.

Muhiba hakulia. Aliitazama picha, akamtazama mumewe, akarudi kwenye picha. Mikono yake ilikuwa imeikamata leso, vidole vyeupe kwa kubana. Idarusi alingoja matusi, alingoja kikombe kiruke, alingoja talaka idaiwe pale pale. Vyote hivyo angevipokea kwa shukrani.

"Amefanana naye?" Muhiba akauliza.

Sauti ilikuwa ndogo hata Nyamai akajifanya hakusikia.

Idarusi alitaka kusema hapana. Safari hii ulimi ulikataa uongo. "Mpaka ule mwanya," akasema.

Muhiba akainuka. Akaenda chumbani, akarudi amevaa buibui na viatu.

"Nipeleke."

"Muhiba, kesho. Ngoja niwaambie kwanza..."

"Umengoja miaka miwili. Jua bado liko juu, na Kariobangi si Mombasa. Nataka kumwona, nishike mkono wake, kisha nitajua nikufanye nini. Simama."

Idarusi akasimama, lakini mlangoni hakwenda. Nyamai alidhani ni aibu. Muhiba naye alidhani ni aibu. Ilikuwa aibu kweli, ila si ile waliyoijua.

Kuna jambo moja ambalo Idarusi hakulitamka sebuleni, na mimi pia nimewaficha mpaka leo. Siku alipokwenda kumposa Batulo, kaka wa Batulo alimwuliza mbele ya wazee, una mke? Idarusi akainamisha kichwa, akapangusa macho, akasema, "Nilikuwa naye. Aliitwa Muhiba. Mungu amempenda zaidi." Wazee walimlilia.

Na Batulo ni mwanamke mcha Mungu. Tangu aolewe, kila Alhamisi inapoingia magharibi huwasha ubani, akamweka mtoto mapajani, akamfundisha kuinua viganja vyake viwili, wakamsomea Yasini marehemu Muhiba.

Nyamai akakunja mkataba, akauliza tarehe ya leo ili aiandike juu. Muhiba akamtajia, akaongeza na siku. Ilikuwa Alhamisi.